Inchi Kumi za Kukalia

Jumapili, Machi 1974
Kisumu

Ni saa tano asubuhi na jua limekwisha kuwa kali. Hakuna upepo. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu wamejibandika kwenye wavu wa dirisha mpaka chumba kimeingia giza kidogo. Nyumba imenyamaza. Hakuna anayelilia uji, hakuna anayemng'ata mwenzake. Siku nyingine ningemshukuru Mungu kwa kimya hiki. Leo nakichukia.

Gari liliondoka saa mbili. Lina nafasi ya watu watano, na watu watano wamo ndani.

Mimi ni wa sita.

Nitaandika yote, hata pale nilipokosea, maana nikijidanganya hata kwenye daftari hili sitabaki na mahali pa kusema kweli.

Baba ni karani bandarini. Mama yangu ni mke wake wa kwanza, naye anakaa nyumbani Asembo, analima njugu na kumtunza Dani, mama yake Baba. Mimi nilipofaulu mtihani wa darasa la saba nililetwa hapa mjini nisome, nikakaa kwa mama mdogo, mke wake wa pili. Mama mdogo si mtu mbaya. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa leo mkono hautaki kuandika. Ana watoto watatu: Opiyo na Odongo, pacha wa miaka mitatu, na Okelo aliyewafuata, ambaye bado ananyonya. Nikitoka shule mimi ndiye ninayewaogesha, kuwalisha na kuwalaza.

Mama sijamwona tangu Krismasi.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa kwetu, anayeleta omena, dagaa wa ziwani, soko la Kibuye, alinishika mkono katikati ya soko akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. "Akinyi! Mama yako anauliza kama umeota urefu au umeota Kiingereza tu. Anasema uende akuone kabla hujawa mzungu." Wauzaji wote wakacheka. Mimi pia nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya vibanda vya nguo kuukuu nikasimama huko mpaka macho yakakauka.

Kwa hiyo Baba aliposema mezani, "Jumapili tunaenda nyumbani, Dani awaone watoto," nililishika lile neno "tunaenda" kwa mikono miwili. Sikuuliza. Mimi huwa siulizi. Nilikunja gauni langu la kanisani nikaliweka chini ya mto lijinyooshe.

Sasa habari ya gari. Baba alilinunua mwaka jana kwa Mhindi mmoja aliyefunga duka lake akaenda Uingereza. Ni dogo, la milango minne, na mlango wa nyuma upande wa kushoto hufunguka hata ukiguswa na kiwiko. Wiki tatu zilizopita, tukitoka kanisani, Odongo aliuvuta ule mkono wa mlango gari likikata kona, akaanguka barabarani. Mungu ni mkubwa, Baba alikuwa anaenda polepole. Alichubuka uso na goti tu. Lakini mama mdogo alishuka palepale, akambeba, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani akilia. Akaapa kwamba watoto wake hawapandi tena lile gari mpaka wafungwe kwenye viti vyao kama watoto wa wazungu.

Viti vya dukani hatuviwezi. Baba aliuliza bei mara moja, akarudi hataki hata kuizungumzia.

Halafu akakipata kimoja Kibuye, kwenye rundo la vitu vya watu waliohama. Ni kiti kidogo cha bomba na turubai, kina kulabu mbili za chuma zinazoning'inia kwenye mgongo wa kiti cha nyuma cha gari, na ukanda wa kumfunga mtoto tumboni. Alikileta amekishika juu kama kombe la mpira. "Cha kwanza hiki!" Opiyo akakimbia akakikalia.

Mama mdogo akamnyanyua haraka kama aliyekalia moto.

"Baba Opiyo, umeleta moja?"

"Nimepata moja."

"Watoto pacha wanaletewa kitu moja tangu lini? Unataka mwingine augue?"

Kwetu hakuna mtu wa kumpinga hapo. Ukimnunulia Opiyo shati, unamnunulia Odongo shati lilelile, rangi ileile, siku ileile. Ndizi zinapimwa. Hata ukimpiga Opiyo kofi la mkono, Odongo naye atapewa la kwake, dogo la upendo, ili asijione amesahauliwa. Kiti kimoja kati ya pacha wawili kilikuwa hakiwezekani. Basi ikaamuliwa kwamba kile cha Kibuye ni cha Okelo, na vya pacha vitatengenezwa viwili, sawasawa kabisa, na fundi Oduor wa Manyatta.

Fundi Oduor ni mzee mfupi anayetengeneza vitanda na vichanja vya vyombo kwa mabomba ya baiskeli zilizokufa. Hana moto wa kuunganishia vyuma. Anabonda ncha ya bomba mpaka iwe bapa, anatoboa, anakaza kwa nati. Kazi yake hailegei. Hajui kusoma maneno lakini namba anazijua vizuri.

Baba akaniita. "Akinyi, wewe una hesabu. Pima kiti cha nyuma, umwandikie fundi upana."

Nilipima kwa tepu ya cherehani ya mama mdogo. Kutoka mlango mpaka mlango, inchi arobaini na nane. Kiti cha Okelo, inchi kumi na nne. Zinabaki thelathini na nne. Gawa kwa mbili: kumi na saba, kumi na saba. Nilifurahi, maana hesabu ilitoka bila baki. Huwa nafurahi hesabu ikitoka hivyo.

Baba alikuwa ameinamia injini. "Vitaingia?"

"Vitaingia, Baba. Vinaenea kabisa."

"Injinia wangu!"

Ndipo nikaiona. Vinaenea kabisa. Hakuna baki. Mbele kuna viti viwili vilivyotenganishwa na gia, cha Baba na cha mama mdogo. Nyuma nimejaza mimi mwenyewe, kwa tepu, mlango mpaka mlango. Nilisimama pale nikingoja Baba ainue kichwa aseme, "Lakini wewe utakaa wapi?" Nilihesabu mpaka ishirini. Akainua kichwa. Akasema nimletee kitambaa cha kufutia mafuta.

Kama ningekuwa mtoto mwingine ningesema. Rafiki yangu Adhiambo angepiga kelele mpaka jirani wakatoka. Mimi maneno hunifika kooni yakasimama. Mwalimu wetu hunigongea dawati kwa chaki akisema kwa Kiingereza nipaze sauti. Ninajua kusema kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, na ninanyamaza kwa zote tatu.

Basi nilifanya hesabu nyingine. Hii ndiyo ninayoona haya kuiandika.

Nilifikiri: viti vya pacha vikiwa na inchi kumi na tisa kila kimoja, ni thelathini na nane. Cha Okelo hakitaingia tena. Pacha hawawezi kutenganishwa, kwa hiyo si wao watakaokosa kiti. Okelo ananyonya, atapakatwa na mama yake mbele, na mlango wa mbele ni mzima. Katikati ya pacha zitabaki inchi kumi.

Mimi ni mwembamba. Nilijipima kwa tepu ileile chumbani, nimekaa kitandani upande upande. Zilinitosha kwa shida, lakini zilinitosha.

Nikaandika kwenye karatasi: upana, inchi 19. Nikaikunja, nikampelekea fundi kwa mkono wangu.

Ijumaa jioni fundi alivileta kichwani, kimoja juu ya kingine. Vilikuwa vizuri kuliko kile cha Kibuye. Turubai la kijani, limeshonwa mara mbili. Mikanda ya mpira wa gari yenye vifungo. Pacha wakaketishwa wote wawili kwa pamoja, kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, ili asiwepo wa kwanza. Mama mdogo akapiga kigelegele.

Halafu Baba akaleta cha Okelo. Hakikuingia.

Akakisukuma. Akakitoa, akajaribu upande wa kulia, akajaribu kukiinamisha, akajaribu katikati. Akatoa vyote, akavipanga upya. Jasho likamtoka. Majirani wa kota yetu ya wafanyakazi wa bandari walikuwa wameshakusanyika, maana gari likifunguliwa milango yote minne ni lazima watu waje.

"Mzee, ng'oa mlango, wataingia!"

"Mmoja mtie kwenye buti kama samaki!"

"Au mwache fundi nyumbani, yeye ndiye amezidi!"

Baba hapendi kuchekwa. Alimgeukia fundi. "Wewe ni fundi ya nini? Nilikupa namba, wewe unatengeneza kiti ya askofu?"

"Mzee, mimi nilifuata karatasi. Ilisema kumi na tisa."

"Lete hiyo karatasi."

Fundi akajigusa mfuko, akakumbuka, akashika kichwa. Mke wake alikuwa amefungia omena wa jirani kwa karatasi hiyo.

Watu wakacheka tena. Baba akaniangalia. Wote wakaniangalia. "Akinyi. Uliandika ngapi?"

Naweza kusema niliogopa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nimeona kwamba ile mbinu yangu imefanya kazi. Okelo alikuwa tayari mikononi mwa mama yake. Katikati ya vile viti viwili vya kijani niliiona nafasi yangu, nyembamba, tupu, inaningoja.

"Kumi na saba," nikasema.

Na sauti ilitoka. Siku hiyo ilitoka vizuri sana, hata mwalimu angenisifu.

Fundi Oduor aliniangalia kidogo tu. Hakupiga kelele. Alisema, "Sawa. Mtoto wa shule hawezi kukosea namba." Baba akamwambia kwamba ile kazi aliyoahidiwa ya kutengeneza vitanda sita vya kota aisahau, atamtafuta fundi anayejua kupima. Fundi akavibeba viti vyake kichwani akasema atavipunguza, asubuhi ya Jumamosi atavirudisha. Akaenda zake na miguu yake mifupi, na watoto wakamfuata wakiimba, "Kiti ya askofu! Kiti ya askofu!"

Sikuwa nimefikiria kwamba anaweza kuvipunguza. Ona ujinga wangu. Nilijua hesabu yote ila hiyo. Nilidhani chuma kikishakatwa kimekatwa, kumbe yeye alihitaji msumeno na nyundo tu.

Jumamosi nilifua nguo za watoto. Sitajisifu. Sijui kama nilikuwa namwonea fundi huruma au najionea mimi. Nadhani vyote viwili, na sijui kipi kilikuwa kikubwa. Lakini kila nilipokamua nguo nilisikia ule wimbo wa watoto, na vile vitanda sita. Fundi yule ana watoto wengi kuliko sisi.

Baba alikuwa anaosha gari. Nilimwendea na beseni bado mkononi.

"Baba, niliandika kumi na tisa."

"Nini?"

"Karatasi ya fundi. Niliandika kumi na tisa. Si yeye."

Akaacha kusugua. "Ulikosea hesabu wewe?"

"Hapana. Nilitaka ibaki nafasi."

"Nafasi ya nini?"

Nililiweka beseni chini. "Ya kukaa. Twende wote. Nimwone Mama."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, hata kufukuzwa shule. Baba aliniangalia kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali anapokaa yeye mwenyewe, akashindwa kuitaja. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Kumbe ulitaka kuja? Si ungesema?"

Hata hakukasirika.

Afadhali angekasirika. Anayekukasirikia amekuona.

Akasema, huku akirudi kusugua, kwamba yeye alidhani ninabaki na nyumba na kuku, kama siku zote. Akasema sasa fundi ameshakata, na mama mdogo ameshaambiwa viti ni vitatu, na mtoto akishapewa kiti huwezi kumrudisha mapajani, hasa yule mama wa kuapa. "Utaenda Pasaka," akasema. "Au likizo. Tutaona." Kisha akanituma sabuni.

Jambo moja namshukuru. Fundi alipokuja, Baba alimwambia mbele ya majirani walewale, "Fundi, nisamehe, bwana. Mwizi alikuwa ndani ya nyumba," akaninyooshea kidole akicheka. "Vitanda ni vyako." Majirani wakacheka, safari hii wakinicheka mimi. Fundi yeye hakucheka. Alivipachika viti, akakipachika cha Okelo, akavuta mikanda yote. Vikaingia vitatu, vimebanana kama njugu kwenye ganda, hakuna hata nafasi ya kupitisha kidole. Kumi na nne, kumi na saba, kumi na saba. Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa sahihi.

Akiondoka alipita karibu yangu penye kamba ya nguo. Nilimwambia pole. Nilimwambia kwa Kijaluo, chini chini, nikaona aibu kwa sababu neno lenyewe lilikuwa dogo kuliko vile vyuma alivyovibeba mara tatu.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "ungeniambia ile siku ya karatasi unataka kupanda gari, ningevitengeneza vya kupishana, kimoja mbele kidogo ya kingine, nawe upate pa kukaa. Bomba lilikuwepo. Mbona hukusema?"

Naye pia. Ungesema. Si ungesema. Mbona hukusema.

Nimeyafikiria maneno hayo asubuhi nzima na yananichoma. Odongo hakusema chochote. Alianguka tu kutoka mlangoni, na watu wazima wakazunguka mji mzima kumtafutia kiti. Okelo hajui hata kuongea. Hao hawakuambiwa waseme. Mimi peke yangu ndiye niliyetakiwa kuomba nafasi kwenye gari la baba yangu, la kwenda kwa mama yangu. Na hakuna kati yao, hata fundi mwenye roho nzuri, aliyejiuliza kwa nini mtu wa sita hakuulizwa.

Sisemi nilichofanya kilikuwa sawa. Nasema tu kwamba walikuwa na tepu, walikuwa na gari, na macho wanayo.

Leo asubuhi nimewavalisha wote watatu. Opiyo na Odongo mashati ya njano, Okelo kofia. Niliwabeba mimi, nikawaketisha mimi, nikakaza mikanda mimi. Pacha kwa pamoja: moja, mbili, tatu. Walikaa wima kama machifu. Odongo akagonga ubavu wa kiti chake akaniuliza, "Akinyi, kiti yako iko wapi?"

Miaka mitatu. Yeye ndiye aliyeuliza.

Mama mdogo akamwambia, "Akinyi anabaki na kuku, baba," kisha akaangalia mbele, na nikaona shingo yake imekaza. Sijui alikuwa anawaza nini. Labda alikuwa anaona haya. Labda ilikuwa joto.

Baba akawasha gari. Akatoa kichwa dirishani. "Nimwambie nini mama yako?"

Kila kitu kilikuwa pale kooni. Mwambie nimeota urefu. Mwambie kila siku naogesha watoto wasio wake. Mwambie nilijipima kwa tepu nikatosha kwenye inchi kumi. Mwambie asitoke barabarani akisikia gari, kwa maana atatoka, najua atatoka, ataacha jembe na kufuta mikono kwenye leso na kuangalia dirisha la nyuma, ahesabu kofia moja na mashati mawili ya njano, halafu aangalie tena.

"Mwambie sijambo," nikasema.

Wakaenda.

Sasa saa hizi watakuwa wameshafika. Sitaki kufikiria zaidi ya hapo.

Nimekunywa chai bila sukari kwa uvivu wa kuitafuta. Kuku nimewapa mahindi. Nimekaa na daftari hili muda mrefu mpaka kidole kinauma, na kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba kuandika kumekuwa maficho yangu. Humu naongea kama wakili. Nje ya humu ni "sijambo".

Kwa hiyo nimeamua jambo. Sitangoja Pasaka itajwe na mtu mwingine. Wakirudi leo jioni, kabla ya Baba kuvua viatu, nitasimama mlangoni nimwambie: Baba, shule ikifungwa naenda kwa Mama. Ukinipeleka kwa gari ni sawa, ukinipa ruhusa niende kwa miguu yangu pia ni sawa, lakini naenda. Si ombi lenye mafumbo na namba.

Nimeweka kalamu chini nikajaribu. Hakuna mtu ndani, kwa hiyo nimesimama katikati ya sebule nikaliambia kochi la Baba. Mara ya kwanza ilitoka hewa. Mara ya pili niliishia kwenye "Baba". Mara ya tatu nimeisema yote mpaka mwisho, kwa nguvu, mpaka kuku wakakimbia kutoka kizingitini.

Zimebaki saa saba hivi kabla hawajarudi. Naenda kuisema tena.